Ajira kwa watu wenye ulemavu: Nani hasa aliyepewa wajibu?

Sensa ya mwaka wa 2019 ilionyesha kwamba Wakenya 918,270 wenye umri wa miaka mitano na zaidi, yaani asilimia 2.2, wanaishi na ulemavu wa namna moja au nyingine. Sensa iliyotangulia ya 2009 ilikuwa imehesabu zaidi ya watu milioni 1.3, sawa na asilimia 3.5. Hakuna aliyedai kwamba ulemavu nchini ulipungua kwa kiasi hicho katika muda wa miaka kumi. Kilichobadilika ni namna maswali yalivyoulizwa, na mashirika ya watu wenye ulemavu hayakusita kuzipinga takwimu hizo mpya. Tofauti hiyo si jambo dogo. Serikali hupanga ajira, mafunzo na ruzuku kwa kufuata hesabu, na asiyehesabiwa hatengewi chochote.

Mipango ya serikali ya kuwasaidia watu hawa kupata kazi imekuwapo kwa muda mrefu kuliko wengi wanavyodhani. Waraka wa serikali wa mwaka wa 1968 ndio uliotambua haja ya kuwapa watu wenye ulemavu mafunzo ya ufundi, na kutokana nao kukazuka vituo vya urekebishaji na mafunzo vilivyotapakaa kutoka Bura katika Taita Taveta hadi Odiado katika Busia, pamoja na Kabarnet, Embu, Machakos, Itando na kile cha viwandani jijini Nairobi. Humo vijana hufunzwa ushonaji, useremala, utengenezaji wa viatu, uchomeleaji na kazi nyingine za mikono. Wizara ya Elimu nayo ina vyuo vyake: Karen na Nyang'oma kwa viziwi, Machakos kwa wasioona, na Sikri, katika Kaunti ya Homa Bay, kwa wasioona na viziwi.

Ufundi huo umewafaa wengi. Hata hivyo, kwa miaka mingi ulifungamana na dhana kwamba mtu mwenye ulemavu atajiajiri mwenyewe kando ya barabara na cherehani yake, na kwamba ofisi, kiwanda na benki ni vya watu wengine. Dhana hiyo ndiyo sheria ilitakiwa kuivunja.

Safari ya sheria ilianza mwaka wa 1993, pale Mwanasheria Mkuu Amos Wako alipounda jopo la kuchunguza sheria zinazowahusu watu wenye ulemavu. Mwenyekiti wake alikuwa Josephine Sinyo, wakili asiyeona ambaye baadaye aliteuliwa kuwa mbunge. Ilipita miaka kumi kabla ya Sheria ya Watu wenye Ulemavu kutiwa saini mwishoni mwa 2003. Ilianza kutumika Juni 2004, na mwaka huohuo likaundwa Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu, ambalo wengi hulijua kwa kifupisho cha NCPWD.

Sheria hiyo ilipiga marufuku ubaguzi katika kutangaza kazi, kuajiri, kulipa mishahara, kupandisha vyeo na kufuta. Marufuku kama hayo yalirudiwa katika Sheria ya Ajira ya 2007. Lakini kifungu kilichonukuliwa mara nyingi zaidi, na pengine kusomwa kwa uangalifu mdogo zaidi, kilikuwa cha 13, kile cha asilimia 5.

Wananchi wengi waliamini kwamba kifungu hicho kiliwalazimu waajiri kutenga nafasi tano katika kila mia. Sivyo kilivyosema. Kilisema kwamba Baraza litajitahidi kuhakikisha kuwa asilimia 5 ya nafasi za vibarua, za dharura na za mkataba katika sekta za umma na binafsi zimetengewa watu wenye ulemavu. Yapo mambo mawili hapa. Kwanza, aliyepewa wajibu ni Baraza wala si mwajiri, na wajibu wenyewe ulikuwa wa kujitahidi tu. Haingewezekana kumshtaki mwenye kiwanda kwa kuvunja kifungu ambacho hakikumtaja. Pili, nafasi zilizotajwa ni zile zisizo na uhakika. Kazi ya kudumu, yenye pensheni na bima ya afya, haikuwamo. Kwa zaidi ya miaka ishirini taifa lilizungumza kuhusu asilimia 5 kana kwamba ni haki iliyokamilika, ilhali kisheria ilikuwa ni ombi.

Badala ya kulazimisha, sheria ilichagua kushawishi. Mwajiri wa kibinafsi aliyeajiri mtu mwenye ulemavu aliruhusiwa kuomba kupunguziwa mapato yanayotozwa kodi kwa kiasi cha asilimia 25 ya mshahara aliomlipa mfanyakazi huyo. Aliyejenga njia ya kiti cha magurudumu au kurekebisha mitambo ili mfanyakazi aweze kuitumia aliruhusiwa kuondoa asilimia 50 ya gharama hiyo. Ni nafuu nzuri, lakini faida ya kodi haina uzito kwa meneja anayeamini tangu mwanzo kwamba kiziwi hataweza kuhudumia wateja, na haikutangazwa kwa bidii iliyostahili.

Jambo jingine lililoidhoofisha sheria ya 2003 ni kwamba vifungu kuhusu majengo ya umma na magari ya abiria havikuanza kutumika pamoja na vingine. Vilisubiri hadi Januari 2010, na hata hapo wenye majengo wakapewa miaka mitano ya kufanya marekebisho, wenye magari miaka miwili. Mtu anaweza kufaulu katika mahojiano ya kazi, lakini ikiwa ofisi iko ghorofa ya nne bila lifti, na utingo wa matatu hataki kupoteza dakika mbili kupakia kiti cha magurudumu, kazi hiyo ameipata kwa jina tu.

Katiba ya 2010 iliongeza nguvu. Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi kwa misingi ya ulemavu, cha 54 kinaitaka serikali itimize hatua kwa hatua kanuni kwamba angalau asilimia 5 ya wanachama wa taasisi za kuchaguliwa na za kuteuliwa wawe watu wenye ulemavu, na cha 232 kinaagiza kwamba utumishi wa umma utoe nafasi sawa kwao. Kenya pia ilikuwa imeidhinisha Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu wenye Ulemavu mnamo Mei 2008.

Tume ya Utumishi wa Umma imefanya kiasi fulani. Afisa wa serikali mwenye ulemavu hustaafu akiwa na miaka 65, miaka mitano baada ya wenzake. Anayehitaji msaidizi wa kumwongoza au kumsomea huweza kugharamiwa. Taasisi za umma zimewekewa lengo la kujumuisha watu wenye ulemavu katika mikataba yao ya utendakazi, na kila mwaka hupimwa. Hata hivyo, ripoti za Tume yenyewe, mwaka baada ya mwaka, zimeonyesha kwamba idadi yao katika utumishi wa umma haifikii hata nusu ya hiyo asilimia 5. Kuunda kamati na kuandaa warsha ni rahisi kuliko kuajiri, na vyote huandikwa katika ripoti ileile.

Anayetaka kunufaika na mipango hii hana budi kupitia lango moja, nalo ni kusajiliwa na Baraza. Mwombaji hufanyiwa uchunguzi na jopo la wahudumu wa afya katika hospitali ya umma iliyoidhinishwa, ripoti hiyo huthibitishwa, kisha hupewa kadi. Baraza lina afisi katika kaunti, na katika miaka ya karibuni sehemu kubwa ya shughuli hizi imehamishiwa mtandaoni. Bila kadi hiyo hakuna nafuu ya kodi, hakuna zabuni zilizotengwa, na jina haliingii katika orodha ya watafuta kazi ambayo Baraza huwaonyesha waajiri. Kwa mkazi wa mjini hatua hizi zinachosha. Kwa mtu asiyeweza kutembea anayeishi mashambani Turkana au Tana River, ambako hospitali ya kufanyia uchunguzi iko mbali sana, nauli ya kwenda na kurudi pamoja na msaidizi wake inaweza kuzidi alichokuwa akitarajia kupata. Mpango ulionuiwa kumfikia wa mwisho huanza kwa kumtaka aje mwenyewe.

Nafuu ya kodi ndiyo iliyo wazi zaidi kati ya faida za kadi. Kwa amri iliyochapishwa mwaka wa 2010, Sh150,000 za kwanza za mapato ya kila mwezi ya mtu mwenye ulemavu zilisamehewa kodi. Mwombaji hutumia kadi ya Baraza, ripoti ya hospitali na barua ya mwajiri, na Mamlaka ya Ushuru, KRA, hutoa cheti kinachodumu kwa muda maalumu. Watu wenye ulemavu wa kudumu wamekuwa wakilalamika kwamba wanalazimishwa kuthibitisha upya jambo ambalo haliwezi kubadilika. Mkono uliokatwa haumei tena. Ni dhahiri pia kwamba nafuu hii humfaa aliyekwisha kupata mshahara. Mshona viatu wa Gikomba hatozwi kodi ya mshahara, hivyo hana cha kusamehewa.

Kwa ajili ya huyo kuna mikondo mingine. Hazina ya Kitaifa ya Maendeleo ya Watu wenye Ulemavu hutoa ruzuku kwa vikundi vya kujitegemea, vifaa vya kujimudu kama vile viti vya magurudumu na fimbo nyeupe, karo kwa wanafunzi, na zana za kazi kwa waliohitimu ufundi. Hilo la mwisho lina maana kubwa, kwani fundi aliyetoka chuoni na cheti bila cherehani hurudi nyumbani kukaa. Hazina ya Uwezo, iliyozinduliwa mwaka wa 2013, hutoa mikopo isiyo na riba kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu.

Mwaka huohuo ulianzishwa mpango wa zabuni unaojulikana kama AGPO, ambao hutenga asilimia 30 ya ununuzi wa serikali kwa makundi hayo matatu. Kampuni hutakiwa kumilikiwa na wahusika kwa angalau asilimia 70, na uongozi wake uwe wao wote. Ugumu hujitokeza baada ya kushinda zabuni. Serikali inajulikana kwa kuchelewesha malipo, na mfanyabiashara mdogo aliyekopa ili kuwasilisha madawati au karatasi hungoja kwa miezi mingi huku deni likipanda. Asiye na akiba hawezi kuikopesha serikali.

Mabadiliko makubwa zaidi katika suala la ajira yalikuja Mei 2025, wakati Rais William Ruto alipotia saini Sheria mpya ya Watu wenye Ulemavu, iliyochukua nafasi ya ile ya 2003. Mswada wake uliwasilishwa katika Seneti na Crystal Asige, seneta maalumu ambaye mwenyewe ana ulemavu wa macho. Safari hii maneno yamebadilika. Kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anatakiwa kutenga angalau asilimia 5 ya nafasi za ajira ya moja kwa moja kwa watu wenye ulemavu. Aliyetajwa sasa ni mwajiri, na neno vibarua halimpi tena mahali pa kujificha.

Hesabu yake ni nyepesi. Mwenye wafanyakazi 20 anatarajiwa kuwa na mmoja, mwenye 100 watano. Mwenye 19 hadaiwi chochote, na hapa ndipo penye mpaka wa sheria hii. Zaidi ya asilimia 80 ya Wakenya wanaofanya kazi wako katika sekta isiyo rasmi, ambako karakana yenye watu sita huhesabiwa kuwa kubwa. Sheria itafungua milango ya mabenki, viwanda, hoteli, vyuo na wizara, ikiwa itasimamiwa. Katika jua kali, vyuo vya ufundi na zana za kazi bado ndivyo vitakavyoamua.

Wanaosimamia uajiri nao wana visingizio ambavyo sheria peke yake haitavimaliza. Matangazo ya kazi za ofisini huitisha leseni ya udereva hata pale ambapo hakuna gari litakaloendeshwa, na kwa neno hilo moja asiyeona huwa ameondolewa kabla hajaandika barua. Kiziwi huitwa kwa simu kuelezwa tarehe ya mahojiano, kisha huhesabiwa kuwa hakuitika. Afisa asiyeona huambiwa kwamba kompyuta zake ni ghali, ilhali programu ya NVDA inayosoma maandishi ya skrini kwa sauti imekuwa ikitolewa bila malipo tangu 2006.

Mtu anayeamini kwamba amebaguliwa anaweza kuwasilisha malalamishi yake kwa Baraza, kwa Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu au kwa Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa. Kesi za ajira husikizwa na Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Inafaa kuhifadhi tangazo lenyewe la kazi, nakala ya barua ya maombi na jibu lolote lililotolewa, pamoja na nakala ya kadi. Ni vyema malalamishi yaandikwe mapema wakati mashahidi wangali wanakumbuka, na mlalamishi adai nakala iliyopigwa muhuri siku ileile anapoyawasilisha.