Kamala Khan: Binti wa miaka 16 aliyetamani kuwa mtu mwingine

MWAKA 2014 kampuni ya Marvel ya Marekani ilichapisha No Normal, kitabu cha kwanza cha vibonzo vya Ms. Marvel. Mhusika mkuu ni Kamala Khan, msichana wa miaka 16 kutoka familia ya Kipakistani iliyohamia Jersey City, jimbo la New Jersey. Ndiye Mwislamu wa kwanza kuongoza mfululizo wake mwenyewe katika vibonzo vya Marvel.

Wazo lilitokana na simulizi za mhariri Sana Amanat kuhusu utoto wake akiwa binti wa Kiislamu nchini humo. Hadithi iliandikwa na G. Willow Wilson, Mmarekani aliyesilimu, na kuchorwa na Adrian Alphona wa Canada.

Kisa kinaanza kwa jambo linaloweza kutokea nyumbani kwa yeyote. Kamala ananyimwa ruhusa ya kwenda kwenye sherehe ya usiku, naye anatoroka. Huko anapewa juisi ya machungwa iliyotiwa pombe bila kuambiwa. Anaondoka kwa hasira, na njiani anazingirwa na ukungu wa ajabu.

Katika njozi anaulizwa anataka kuwa nani. Anataka kufanana na Carol Danvers, shujaa mzungu mwenye nywele za rangi ya dhahabu. Anazinduka akiwa na umbo hilo, na usiku huohuo anamwokoa asizame Zoe, msichana aliyezoea kumdharau. Hata hivyo, anatambua kuwa sura ya kuazima haimpi furaha aliyoitarajia. Hatimaye anapambana akiwa na sura yake mwenyewe, kwa vazi alilolitengeneza kutokana na vazi la kuogelea la stara.

Kitabu cha pili, Generation Why, kinagusa jeraha zito zaidi. Adui anawashawishi vijana kwamba kizazi chao ni mzigo kwa dunia, na kwamba faida yao pekee ni kugeuzwa chanzo cha nishati. Wengi wanakubali kwa hiari. Kamala hawezi kuwaokoa kwa ngumi. Analazimika kwanza kuwaaminisha kuwa wana thamani.

Wazazi na viongozi wa dini hawakuchorwa kama maadui. Sheikh wa msikiti, ambaye Kamala alidhani angemkaripia, anamshauri atafute mwalimu na atende wema kwa uadilifu.

No Normal kilipata tuzo ya Hugo mwaka 2015 katika kundi la hadithi za picha. Mwaka huohuo, picha za Kamala zilibandikwa juu ya matangazo ya kuukashifu Uislamu katika mabasi ya San Francisco.

Mwaka 2022 hadithi hiyo ilifanywa tamthilia ya televisheni, Kamala akiigizwa na Iman Vellani, aliyerejea katika filamu ya The Marvels mwaka 2023.