Duka la Mmanga na Mteja Wake: Unguja, 1957–1961

Katika miji tunayoishi sasa, Muscat, Dubai au London, tunahimizwa tununue kwenye maduka madogo ya mtaani ili pesa ya mji ibaki mjini. Shauri zuri. Lakini duka lipi ni la kwetu? Unguja swali hili liliwahi kujibiwa kwa nasaba, na jibu lile liligharimu roho za watu.

Aghlabu duka la shamba lilikuwa la Mmanga, mtu aliyefika na jahazi kwa pepo za kaskazi, hana ardhi wala mikarafuu, analala humohumo dukani. Asichanganywe na Mwarabu mwenye shamba kubwa. Serikali ya Kiingereza iliwaandika wote "Waarabu", na waandishi wengi wamefuata mkumbo. Mchele, sukari na mafuta ya taa alivichukua kwa mkopo kwa wafanyabiashara wa Kihindi mjini, akaviuza kwa kibaba na kwa chupa. Mteja asiye na kitu aliandikwa daftarini mpaka karafuu zichumwe. Kwa hakika mkopo ndio uliokuwa bidhaa kubwa ya duka lile, na ndio uliokuwa chanzo cha ugomvi: mteja akilalamika bei na kibaba kisichojaa, mwenye duka akilalamika madeni yasiyolipwa. Hata hivyo kesho yake walionana tena, kwani hakuna aliyeweza kumkwepa mwenzake.

Julai 1957 ukafanyika uchaguzi wa kwanza, wa viti sita, na Hizbu haikupata hata kimoja. Baada ya hapo baadhi ya wenye mashamba waliwaondosha Waafrika waliokuwa wakilima chakula chini ya mikarafuu yao, na wafuasi wa Afro-Shirazi wakasusia maduka ya Waarabu, wakafungua ya kwao na ya ushirika. Kufungua duka lako si kosa. Ni haki, tena ilikuwa imechelewa. Lakini aliyemfukuza mkulima alikuwa mwenye ardhi, na aliyesusiwa alikuwa muuza mafuta ya taa. Viongozi wa pande zote mbili waliijua tofauti hiyo vizuri, ila haikuwa na faida kwao kuieleza jukwaani.

Mwisho wa 1958 PAFMECA ilizipatanisha pande mbili kwa muda. Ulipofika uchaguzi wa Juni 1961 fujo zilianza mjini zikaenea mashamba, wakauawa watu 68, wengi wao Wamanga. Duka moja katika kijiji kizima, mwenyewe peke yake: alikuwa rahisi kufikiwa.

Baada ya 1964 biashara kubwa ilishikwa na serikali, na Mwafrika aliyeanza duka lake wakati wa mgomo naye akabanwa. Watu walipanga foleni ya mchele bila kujali nasaba. Milango ya biashara ilianza kufunguliwa tena wakati wa Mzee Ali Hassan Mwinyi, mwaka 1984.

Kumbukumbu nyingi za miaka ile ni za vyama na za serikali. Ikiwa katika sanduku la marehemu babu limebaki daftari la duka, lenye hati ya Kiarabu na majina ya wateja wa Kiswahili, msilitupe. Someni nani alikopeshwa baada ya Julai 1957, na nani aliendelea kulipa.