Bastola ya .22 ni Rahisi, Ruhusa Ndiyo Ghali

Wasee, tangu niweke ile vidio ya kulenga shabaha, swali ni moja tu: anayeanza anunue bastola gani ndogo ya bei nafuu? Jibu la haraka ni kaliba .22. Lakini mimi ni wa Kiunga, na huku kwetu swali hilo lina historia yake.

Tuanze na bei. Risasi ya .22 inayotumika sana leo ilitoka Marekani mwaka 1887. Kuitengeneza ni rahisi kwa sababu dawa ya kuwasha baruti imo ndani ya ukingo wa ganda. Teke lake ni dogo, kwa hivyo mkono unajifunza kulenga badala ya kuogopa. Hata Olimpiki, bastola ya mita 25 ni kaliba hiyo hiyo. Halafu 1949 Bill Ruger na mwenzake Alexander Sturm wakatoa bastola ya .22 kwa dola 37.50. Siri? Fremu yake ilikuwa mabati mawili ya chuma yaliyofinyangwa kwa mashine na kuchomelewa pamoja. Basi, mambo ya bei yakaisha kitambo.

Sasa njoo kwetu. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa yalitia sahihi Mkataba wa Brussels wa kupiga vita biashara ya watumwa. Sawa kabisa. Ila ndani yake walichora mistari miwili kwenye ramani: kati ya nyuzi 20 kaskazini na 22 kusini, bunduki za kisasa zisiingie ovyo. Kiunga imo humo ndani. Watu wa kawaida waliachiwa magobori, tena kwa masharti. Za kisasa zikawa za askari wa serikali na za mtu aliyeonekana anaaminika. Oktoba mwaka huo huo Waingereza wakaichoma Witu, hapo bara tu. Nani alishika bunduki gani, jiongeze.

Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, yenye mizizi ya ukoloni wa miaka ya 1950, bado inauliza vilevile: una sababu nzuri, na usalama wa umma utakuwaje? Siipingi. Tunajua silaha zikizagaa zinafanya nini. Vita vya Shifta, 1963 hadi 1967, viliwang'oa Wabajuni vijijini mwao mpakani. Bibi yangu alitoka na watoto na sufuria moja, akaishi Lamu kwa watu. Wengine hawakurudi tena. Halafu Mpeketoni, Juni 2014.

Ninachouliza ni mizani. Westgate, 21 Septemba 2013, raia wenye bastola za leseni, wakiwemo wapiga shabaha wa klabu, waliingia kuokoa watu kabla ya jeshi. Tuliwapigia makofi, na walistahili. Sasa mweke kijana wa Kibajuni barabara ya Kiunga na bastola ile ile, leseni mfukoni. Kuna atakayengoja kuiona hiyo leseni?

Kwa hivyo usianze na kununua. Anza na klabu yenye uwanja na mkufunzi, lenga kwa silaha yao, uombe leseni ukiwa tayari una jina kwenye mashindano. Hapa Kiunga kambi za askari tunazo. Uwanja wa raia hatuna, na nauli ya Nairobi kwenda na kurudi itakumaliza hata hujaulizia risasi.