Kigogo Kimoja au Viungo: Kuutambua Mtindo wa Viti vya Kale vya Watemi katika Eneo la Mpanda na Karema

Kiti cha mtemi ni ushahidi wa kihistoria usio na maandishi, na mtafiti anayekichunguza hulazimika kwanza kuamua ni cha mtindo upi. Kwa eneo ambalo tangu mwaka 2012 linaitwa Mkoa wa Katavi, uamuzi huo una uzito wa pekee. Vigoda vyenye viegemeo virefu vilivyotoka magharibi ya Tanzania huhifadhiwa katika makumbusho ya Ulaya kwa jina la Wanyamwezi, na chini ya jina hilo moja Wakonongo, Wapimbwe na Wabende hutoweka. Hoja ya sehemu hii ni kwamba sifa za umbo hutuonesha kwa uhakika mkubwa jinsi kiti kilivyoundwa, na kwa kiasi fulani hadhi ya aliyekikalia. Kabila la mwenye kiti ni jambo jingine.

Mitindo miwili mikuu ilikutana katika njia za misafara kati ya pwani na Ziwa Tanganyika. Wa kwanza ni kiti cha enzi cha pwani ya Waswahili, kinachofahamika zaidi kutoka Lamu, Pate na Siyu, ambacho James de Vere Allen alikichambua katika jarida la African Arts mwaka 1989. Hicho ni kiti cha kuunga: fremu ya mpingo, mgongo ulionyooka, vidirisha vilivyosukwa kwa nyuzi, njumu za pembe za ndovu au mfupa, na mahali pa kuegemeza miguu. Chimbuko lake limehusishwa na Misri ya Wamamluki, na Wareno, na India. Mjadala huo hautuhusu hapa. Wa pili ni kigoda cha bara, kilichochongwa kwa tezo kutoka kigogo kimoja, chenye kikalio cha duara, miguu mitatu iliyopinda na kiegemeo kinachopanda juu. Mfano unaojulikana zaidi ni kiti cha Buruku, kilichopo Berlin, ambacho kina umbo la binadamu lililochongwa kwenye kiegemeo chake.

Kwa kuutazama mgongo pekee mtu anaweza kudanganyika, kwa kuwa mitindo yote miwili huuinua ili aliyeketi aonekane. Kipimo kilicho bora zaidi ni nyuzi za mti. Katika kigoda cha kigogo kimoja nyuzi husimama wima: hutoka mguuni, hupenya kikalio na kuendelea hadi kwenye kiegemeo bila kukatika. Kwa hiyo uso wa kikalio ni mkato wa gogo, mahali ambapo miduara ya ukuaji wa mti huonekana. Na mti ukikauka, nyufa hufuata mistari itokayo kwenye kiini kuelekea pembeni. Endapo nyuzi za kikalio zimelala huku za kiegemeo zimesimama, basi kuna kiungo mahali fulani, hata kama kimefichwa kwa rangi au moshi. Fundi wa leo anayetaka kuuza kiti kwa jina la ukale anaweza kuiga miguu iliyopinda, anaweza hata kuiga weusi wa miaka mingi ya kushikwa na mikono. Kuziunganisha nyuzi zilizokwisha kukatwa hawezi. Miguu mitatu nayo ina sababu yake ya kiufundi kabla ya kuwa nakshi, kwani kitu cha miguu mitatu hakiyumbi juu ya sakafu ya udongo isiyo sawa.

Aina ya mti haitoi ushahidi wa kiwango hicho. Mpingo huota pwani na huota pia katika nyika kavu za bara, na mninga na mkurungu, miti inayosifika katika misitu ya miombo ya Mpanda, ilitumiwa na mafundi wa kila kizazi.

Chuma hutusaidia zaidi, hususan katika kutambua wakati. Mwaka 1879 Cambier alianzisha kituo cha Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika huko Karema, na mwaka 1885 kituo hicho kikakabidhiwa kwa Mapadri Weupe. Tangu hapo msumeno, randa na msumari vilikuwa na makao ya kudumu kando ya ziwa. Ubao uliopasuliwa kwa msumeno wa mkono huacha mikwaruzo iliyonyooka isiyo na vipimo sawa. Msumeno wa mviringo wa mashine huacha mikwaruzo ya upinde. Wimbi la pili lililetwa na mgodi wa risasi wa Mpanda na tawi la reli kutoka Kaliua. Kiti chenye skrubu ya kichwa cha msalaba, iliyoanza kusambaa duniani katika miaka ya 1930, ama ni kipya au kimekarabatiwa, na mtafiti hana budi kuamua ni lipi kati ya hayo mawili kabla ya kukitaja kuwa ni cha zama za misafara.

Yote hayo yakishathibitika, bado jina la kabila halijapatikana. Watu wa pwani waliwaita Wanyamwezi wengi waliotoka magharibi, na misafara yenyewe ilikusanya wapagazi wa asili mbalimbali. Mkusanyaji wa Kijerumani aliyeandika jina hilo alikuwa akirudia msamiati wa njiani. Aidha, lugha na taasisi ya utemi ziliwaunganisha Wakonongo na majirani zao wa Unyamwezi kiasi kwamba kutarajia kila jamii iwe na mguu wake wa kigoda ni kuilazimisha ramani ya kikoloni juu ya kazi ya tezo.

Kwa mtazamo wa mwandishi, neno Wanyamwezi katika daftari la makumbusho lisomwe kuwa kauli ya mkusanyaji, si matokeo ya uchunguzi wa kiti, hadi pale kumbukumbu za safari yake zitakapoonesha kilitwaliwa katika ikulu ipi. Utemi ulipofutwa kisheria mwaka 1963, viti vilivyobaki nchini vilipoteza ofisi yake, na vingine vikawa bidhaa. Vilivyoko Ulaya sasa vinajadiliwa upya kuhusu kurejeshwa, na katika mazungumzo hayo ni lebo inayoamua ni wazee wa wapi wataitwa mezani: wa Tabora pekee, au na wa Mpanda.