HISTORIA YA ARDHI YETU: KUTOKA MINYAA HADI RAMANI



Tulifungua kisanduku chetu cha funguo tatu mwaka 2015. Wenzangu wameandika habari za hisa na mikopo. Mimi nimechagua historia ya ardhi, na sababu yake mnaijua. Fedha nyingi tulizokopeshana zimekwenda kwenye viwanja, na ni kiwanja kilichotaka kutuvunja.

Hali ya zamani

Usukumani zamani ardhi iligawiwa na mtemi kupitia kwa mwanangwa wake. Mpaka ulikuwa mstari wa minyaa, jiwe au njia ya ng'ombe, na jirani ndiye alikuwa shahidi. Mwaka 1923 Waingereza walitunga sheria ya ardhi, wakaiweka ardhi ya nchi chini ya Gavana. Reli ilifika Mwanza mwaka 1928 ikipitia Shinyanga. Dhahabu ya Geita ilichimbwa kuanzia 1936 hadi 1966, na almasi ya Mwadui ikagunduliwa mwaka 1940. Palipokuwa na reli, boma au mgodi, ndipo palipopimwa. Mashamba yetu yalibaki na minyaa yake. Utemi ukafutwa mwaka 1963.

Mwaka 1974 ikaja Operesheni Vijiji. Nilikuwa mtoto wa miaka mitano, nakumbuka vyombo vyetu juu ya trekta. Nyumba zilipangwa mstari kando ya barabara. Shule ilikuwa karibu, hilo lilikuwa jema, maana mimi mwenyewe nilisomea hapo hadi darasa la saba. Lakini mtu alionyeshwa tu pa kujenga, hakuulizwa. Aliyeandikwa kwenye daftari alikuwa baba. Mama hakuandikwa popote.

Sheria zinabadilika

Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba mwanamke wa Kihaya anaweza kuuza shamba la ukoo alilorithi kama vile mwanamume anavyoweza. Mwaka 1991 Rais Mwinyi aliunda Tume ya ardhi chini ya Profesa Issa Shivji, ikazunguka nchini kusikiliza wananchi. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani ikasema ardhi ya kimila ni mali ya mtu, haichukuliwi bila fidia. Sera ya ardhi ikatoka mwaka 1995, halafu sheria mbili za mwaka 1999, Namba 4 ya ardhi na Namba 5 ya ardhi ya vijiji, zikaanza kutumika Mei 2001.

Akina mama, sheria hizo mbili zinasema wazi kuwa mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanamume. Katika Baraza la Ardhi la Kijiji lenye watu saba, watatu lazima wawe wanawake. Na halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi mpaka mkutano mkuu wa kijiji ukubali. Maana yake mkutano ule tunaouona wa kupoteza muda ndiyo mahali penyewe pa kusema.

Mwaka 2007 zikaja sheria ya mipango miji na sheria ya barabara. Hii ya pili iliongeza hifadhi ya barabara kuu na za mkoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30, kila upande, ukipima kutoka katikati.

Mgodi, watu na mikuza

Mgodi mkubwa wa Geita ulifunguliwa mwaka 2000, na mwaka 2012 Geita ikawa mkoa. Watu wakamiminika kutoka kila upande. Wenye mashamba wakakata vipande na kuuza kwa hatua za miguu, ishirini kwa ishirini. Kila mmoja aliuza hadi mwisho wa mpaka wake, hakuna aliyeacha njia. Jamani, kuna misiba ambayo jeneza lilipitishwa juu ya vichwa kati ya kuta mbili, maana gari halikuweza kuingia.

Wakati huohuo huduma kubwa zilikuwa zinakuja. Maji ya Ziwa Victoria kutoka Ihelele yalifika Kahama na Shinyanga, mradi ukazinduliwa mwaka 2009. Njia ya umeme wa msongo mkubwa ilijengwa kutoka Iringa hadi Shinyanga, kilometa 670. Na bomba la mafuta kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, ni la kilometa 1,443, ambazo 1,147 ziko kwetu Tanzania, nalo linapita mikoa ya Geita na Shinyanga. Mkuza wake una upana wa mita 30.

Mkuza ni ile ardhi inayoachwa kwa ajili ya bomba au nyaya kupita, ili mafundi waweze kufika na watu wasidhurike. Ndani yake hujengi nyumba. Ikiwa mkuza umekukuta wewe una haki yako, unalipwa fidia ya ardhi, mazao na nyumba. Ukiufuata wewe, ukajenga ndani yake, hasara ni yako.

Kiwanja kilichotaka kutuvunja

Mwaka 2018 mwenzetu mmoja, mjane, alikopa kwetu anunue kiwanja kando ya barabara hapa pembezoni mwa mji. Nilikwenda naye. Bei ilikuwa nzuri mno, na hapo ndipo ningeshtuka. Sikushtuka, nikatia sahihi kama shahidi. Ofisi ya ardhi hatukukanyaga. Mwaka uliofuata tukakuta msingi wake umepigwa alama ya X nyekundu. Alikuwa ndani ya hifadhi ya barabara. X ya kijani ina fidia, nyekundu haina. Aliyemwuzia alishahama.

Kikao cha jumamosi ile sitakisahau. Wengine walisema kanuni ni kanuni, cherehani yake ichukuliwe. Wengine walisema tukimnyang'anya cherehani atalipa kwa nini? Nikasimama nikasema sahihi yangu nayo iko pale. Tuliamua alipe mkopo bila riba kwa miezi 24, na mimi nikalipa robo. Wanachama wawili walijitoa. Siwalaumu, fedha ilikuwa yao pia. Mwenzetu alimaliza deni lote, na leo yuko nasi.

Tulipojifunza kuuliza

Mwaka 2021 urasimishaji wa makazi ulifika mtaani kwetu. Mchoro ukabandikwa ukutani, tukaitwa mkutanoni. Zamani tungewaachia wanaume. Safari hii tulikwenda wote, tena tukakaa mbele. Tukaona barabara imechorwa juu ya nyumba tatu, moja ya bibi mwenzetu. Hatukupiga kelele. Tulimwomba mpimaji atuonyeshe mstari ule juu ya ardhi, kwa kamba na vijiti. Tulipotembea naye tukafika kwenye njia ya zamani ya ng'ombe, nyuma ya nyumba zile. Akapima, akasema inafaa, ila majirani kumi na mmoja kila mmoja aachie mita mbili.

Tisa tulikubali. Wawili walikataa, wakisema hawawezi kutoa ardhi waliyoinunua. Ilichukua mikutano mitatu. Waliolainika walilainika pale mmoja alipouguliwa na mkewe usiku, akambeba mgongoni hadi kwenye gari. Mimi nilikata minyaa yangu niliyoipanda mwenyewe, na kwa kweli iliniuma. Lakini nyumba tatu zimebaki, gari la wagonjwa linaingia, na nguzo za umeme zimesimama kando ya njia hiyo.

Kanuni yetu ya leo

Tangu hapo hatutoi mkopo wa kiwanja kabla ya maswali manne kujibiwa kwa maandishi. Je, ofisi ya ardhi inasemaje kuhusu eneo hilo? Je, kuna hifadhi ya barabara au mkuza wa umeme, maji au bomba? Je, muuzaji ndiye mwenye mali, na mwenzi wake ameridhia? Je, jina la mwanachama mwenyewe limeandikwa?

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mama yangu hakuandikwa. Sisi tuandikwe, na tukiitwa kwenye mkutano wa mchoro twende.



Mwenyekiti