Curtis Mayfield: Gitaa na Kumbukumbu Zake

Kumbukumbu ya mwanamuziki ina makao mawili. Hukaa katika tarehe za maisha yake, ambazo huandikwa na kusomwa. Hukaa pia katika mioyo ya wasikilizaji wake, isiyojua tarehe, lakini huamka mara uzi mmoja unapoguswa. Curtis Mayfield, mpiga gitaa wa Chicago aliyezaliwa tarehe 3 Juni 1942 na kufariki tarehe 26 Desemba 1999, anayo makao hayo yote mawili. Muziki alioupiga huitwa soul, maana yake roho, nao ulizaliwa pale nyimbo za kanisa za watu weusi wa Marekani zilipokutana na nyimbo za mapenzi na za dansi. Wengi waliozipiga santuri zake ujanani humkumbuka kwa utamu. Lakini utamu ni nyama ya tunda tu. Ndani yake mna kokwa, na kokwa hiyo ni historia ya watu.

Kati ya miaka ya 1910 na 1970 watu weusi wapatao milioni sita waliihama Kusini mwa Marekani. Walikimbia ubaguzi wa sheria, ujira duni, na makundi ya watu waliowanyonga wenzao bila hukumu. Wengi wao walipanda treni kwenda Chicago, na ukoo wa Mayfield ulikuwa miongoni mwa jamaa za wahamaji hao. Baba aliiacha nyumba Curtis angali mdogo, na mama akawalea watoto katika umaskini. Bibi mzaa baba, Annie Bell, alikuwa mhubiri wa kanisa dogo. Humo kanisani mtoto alijifunza kwamba wimbo si pambo la sala bali ni sala yenyewe, na kwamba mtu aliyeonewa wiki nzima huweza kusimama wima siku ya Jumapili kwa nguvu ya sauti za wenzake. Humo pia aliimba pamoja na Jerry Butler, rafiki aliyemzidi umri kidogo.

Gitaa alijifunza bila mwalimu. Kabla yake alikuwa akichezea kinanda kwa vibao vyeusi peke yake. Basi alipopata gitaa alizikaza nyuzi zake hata zikatoa sauti za vibao vile. Kila mpigaji mwingine alijifunza mkazo uliozoeleka. Yeye hakuujua, na alipokuja kuujua hakuufuata. Matokeo yake yalikuwa ya ajabu. Mtu aliyelishika gitaa la Mayfield na kuweka vidole mahali pa desturi alisikia sauti asizozitazamia, na aliyetaka kumwiga kwa gitaa la kawaida alipata taabu. Alipiga kwa vidole, kwa upole, akiteleza kutoka sauti hadi sauti kama mtu anenaye na mwenzake bila kumkatiza. Jimi Hendrix, ambaye gitaa lake lilisifiwa kwa ngurumo, alijifunza kwake namna ya kunong'ona.

Mwaka wa 1958 kundi la Impressions, ambamo Butler na Mayfield walikuwamo, lilipata sifa kwa mara ya kwanza. Butler alipojitenga, Mayfield alimfuata kwa muda kama mpiga gitaa wake, kisha akalifufua kundi. Mwishowe walibaki watatu: yeye, Fred Cash na Sam Gooden. Mayfield aliimba kwa sauti nyembamba ya juu, na wenzake wakamwitikia na kupokezana naye kama waumini wamwitikiavyo mhubiri. Gitaa halikushindana na sauti hizo. Lilijaza nafasi zilizoachwa wazi, likawa mwimbaji wa nne.

Muziki huo ulitoka wakati nchi yao imo katika mtihani. Mwezi Agosti 1963 watu wapatao robo milioni waliandamana mjini Washington kudai kazi na uhuru. Mwezi uliofuata wasichana wanne waliuawa kwa bomu ndani ya kanisa huko Birmingham. Mwaka wa 1964 Impressions walitoa "Keep On Pushing", na mwanzoni mwa 1965 wakatoa "People Get Ready", wakati watu wa Selma walipokuwa wakipigwa kwa kudai haki ya kupiga kura. Wimbo huu wa pili hauitaji sheria wala serikali. Unataja treni. Msikilizaji mweusi wa zama zile hakuhitaji kufasiriwa. Katika nyimbo za kale za watumwa, gari la moshi lilikuwa mfano wa safari ya kwenda mbinguni, na pia fumbo la kuutoroka utumwa. Kwa wazee wake mwenyewe lilikuwa gari la kweli lililowaondoa Kusini na kuwashusha Chicago. Hivyo gitaa moja liliamsha kumbukumbu tatu kwa pamoja, na wanaharakati wa haki za raia wakaufanya wimbo huo kuwa wao.

Huenda mtu akauliza: je, upole si udhaifu mbele ya mbwa wa polisi na virungu? Maisha ya Mayfield yanalijibu swali hilo. Wimbo "We're a Winner", uliotoka mwishoni mwa 1967, ulisema wazi fahari ya watu weusi hata baadhi ya vituo vya redio vikakataa kuupiga. Mwaka wa 1968 alianzisha kampuni yake ya santuri, Curtom, ili jasho lake lisimezwe na wengine. Mwaka wa 1972 alitunga nyimbo za filamu ya "Super Fly", inayohusu muuzaji wa kokeini. Filamu ilimpamba mtu huyo kwa mavazi na magari. Nyimbo zilimlilia aliyekufa na kumwonya aliye hai. Sauti ilikuwa ile ile laini, lakini haikusema uongo. Upole wake ulikuwa ni wa mtu aliyejizuia, si wa mtu aliyeogopa.

Tarehe 13 Agosti 1990, katika tamasha la hadhara huko Brooklyn, upepo uliangusha mtambo wa taa juu yake alipokuwa akipanda jukwaani. Alipooza kuanzia shingoni. Mikono iliyolikaza gitaa kwa namna yake haikuweza tena kugusa uzi. Hata hivyo hakunyamaza. Albamu yake ya mwisho, iliyotoka mwaka wa 1996, aliiimba amelala chali ili mapafu yapate pumzi, mstari mmoja mmoja, akipumzika kati ya mstari na mstari. Mtu aliyewahi kuimba juu ya kusukuma mbele bila kukoma alitakiwa sasa kuutimiza wimbo wake kwa mwili usiosogea, naye akautimiza.

Kwa hiyo wanaomkumbuka Mayfield kwa utamu peke yake hawakukosea, ila wamefika nusu ya njia. Dansi zao za ujana ni kumbukumbu halali, na hakuna haja ya kuzionea haya. Lakini kizazi kinachorithi santuri bila kurithi sababu zake kitabaki na nyimbo nzuri zisizo na watu ndani. Treni ya wimbo ule ilibeba watumwa, wahamaji, waandamanaji na watoto wa Birmingham. Anayeusikiliza leo na kuona uzuri tu, na asione abiria, hajausikia wote. Kuusikia wote kunahitaji utulivu na maarifa kidogo, kwani gitaa lenyewe halikupiga kelele.