Selimundu na hemofilia: Kwa nini msimbo sahihi ni muhimu

KIPINI, mji mdogo ulio kwenye mlango wa Mto Tana, umo katika ukanda wa pwani ambako malaria imekuwako kwa karne nyingi. Palipo na malaria, mara nyingi huwapo pia magonjwa ya damu ya kurithi. Mnamo 1954, mtafiti Anthony Allison, aliyelelewa Kenya, alionyesha kwamba aliyerithi jeni moja ya selimundu hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Anayerithi jeni mbili huugua.

Tatizo huanzia kwenye daftari la wagonjwa. Mtoto mwenye selimundu hufikishwa zahanati akiwa na homa na upungufu wa damu. Asipopimwa aina ya hemoglobini, huenda akaandikwa "malaria" au "upungufu wa damu" tu, akapewa dawa na kurudishwa nyumbani. Maradhi yenyewe hubaki bila jina.

Ili kila ugonjwa uwe na jina moja kote duniani, Shirika la Afya Duniani (WHO) hutoa orodha ya misimbo. Toleo la 10 liliidhinishwa mwaka 1990, na la 11 likaanza kutumika rasmi Januari 1, 2022.

Katika toleo la 10, magonjwa ya damu yamo kati ya D50 na D89. Selimundu ni D57: mgonjwa aliyeshikwa na maumivu makali huandikwa D57.0, asiye nayo D57.1, na aliyebeba jeni moja bila kuugua D57.3. Thalasemia ni D56. Hemofilia A, yaani upungufu wa kigandisha damu cha nane, ni D66. Hemofilia B, ya kigandisha cha tisa, ni D67. Msimbo D64.9 humaanisha upungufu wa damu usiobainishwa. Katika toleo la 11, selimundu ni 3A51 na hemofilia A ni 3B10.

Kosa la tarakimu moja si dogo. Mbebaji wa jeni akiandikwa mgonjwa, familia hutiwa hofu bure. Mgonjwa akiandikwa mbebaji, hukosa matibabu. Mwenye hemofilia akihamishiwa Ngao au Malindi bila maelezo, anaweza kupewa aspirini au kudungwa sindano ya msuli, mambo yanayoweza kumtoa damu kwa hatari. Aidha, Kenya hukusanya takwimu za vituo vya afya kwa mfumo wa kompyuta ulioenezwa nchini kote mwaka 2011. Ugonjwa usioandikwa hauhesabiwi, na usiohesabiwa ni vigumu kuupangia dawa.

Karani wa rekodi hawezi kubuni msimbo. Hufuata maneno ya daktari au muuguzi. Kwa hiyo rekodi nzuri hutaja tarehe, dalili, kipimo kilichofanywa na matokeo yake, damu aliyoongezewa mgonjwa na jinsi mwili ulivyoipokea, pamoja na jamaa wenye maradhi kama hayo. Ugonjwa unaoshukiwa uandikwe kuwa unashukiwa, usiandikwe kama uliothibitishwa.

Katika eneo ambalo mto hufurika na kuwahamisha watu, kama ilivyotokea mwaka 2018, karatasi hupotea kwa urahisi. Mzazi anashauriwa kuomba jina kamili la ugonjwa na matokeo ya kipimo, ayaweke ndani ya mfuko wa plastiki na kuyabeba kila aendapo hospitalini.